Nani Mdhibiti wa Michezo ya Watu Wazima?

Itajwapo dhana ya udhibiti, mwanafasihi aghalabu huwazia serikali. Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve ya Marekani, latuonyesha mdhibiti mwingine. Juni 2018 Valve ilitangaza kuwa ingepokea kila mchezo, ila uliovunja sheria au uliokusudia uchokozi mtupu. Mnunuzi ajichujie mwenyewe. Julai 2025, baada ya kundi la Collective Shout la Australia kuzishinikiza kampuni za malipo, Steam ilikataza kazi zinazokiuka masharti ya benki na kampuni za kadi. Hapakuwa na hukumu ya mahakama, na hilo ndilo lituhusulo wahakiki. Duka la itch.io nalo liliificha michezo yote ya ngono, mibovu kwa mizuri, ndipo likaanza kuikagua.