Jiko kuukuu Idodi: libadilishwe au liende kwa fundi?

Jiko la mkaa likishatoboka bati na udongo wa ndani ukaanza kumomonyoka, watu huuliza kwanza jipya ni shilingi ngapi. Kwa mtu wa Idodi nadhani hilo ni swali la pili. La kwanza ni mkaa, kwa sababu jiko unanunua leo ukakaa nalo miaka, lakini mkaa unaununua kila wiki.

Kule Mafinga au Makete, mwezi wa Juni, jiko linalovujisha moto kila upande lina faida yake: nyumba nzima inaliota. (Ila wasilale nalo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na inaua.) Idodi iko chini, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, na huko nani anatafuta joto la jikoni? Moto usioingia kwenye sufuria ni hela inayopotea.

Na unapotea mwingi. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye chakula takriban asilimia 15 tu ya joto la mkaa. Jiko banifu ambalo udongo wake ni mzima hufikia 30 hivi, yaani gunia moja linafanya kazi ya mawili. Kwa hiyo bati likiwa bado gumu na ulioharibika ni udongo peke yake, usinunue jipya. Mpelekee fundi abadilishe udongo na kuusiliba vizuri pembeni. Lakini bati likiwa limeoza mpaka miguu inayumba, achana nalo; sufuria ya maharage yanayochemka ikipinduka utalipa gharama nyingine kabisa.

Je, gesi? Serikali inaisukuma: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukigawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Lakini ruzuku ni ya mtungi wa kwanza. Kujaza ni juu yako, na hapo ndipo mitungi mingi hugeuka pambo la sebuleni.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya gesi inapika sawa na mkaa kilo 6 hivi kwenye jiko kuukuu, au kilo 3 kwenye jiko banifu. Tuseme kujaza mtungi mdogo ni shilingi 25,000, na nauli ya kuupeleka Iringa mjini na kuurudisha ni 5,000. Hapo kilo ya gesi imekufikia kwa 5,000. Anayetumia jiko bovu atapata nafuu kwenye gesi iwapo mkaa unazidi shilingi 830 kwa kilo. Mwenye jiko banifu, mpaka uzidi 1,670 hivi. Weka bei za kwenu, uone. Kwangu mimi, gesi Idodi ni ya chai ya alfajiri na kupasha mboga, si ya kuchemshia makande.

Kinachosahaulika ni umeme. Watu wanauogopa kwa sababu ya jiko la koili, lakini sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine: kilo ya maharage inaiva kwa takriban nusu uniti. Aliye kwenye D1, kundi la bei la watumiaji wadogo wa umeme majumbani, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, maharage hayo hayamfikishi shilingi 100. Kuna mkaa gani wa bei hiyo? Tatizo ni bei ya sufuria yenyewe, ambayo ni sawa na ya mbuzi, na umeme kukatika saa unayoihitaji. Ukizidisha uniti 75, za ziada zinapanda hadi 350 kila moja. Hata hapo maharage bado ni nafuu.

Ningekuwa na hela kidogo, ningeanza na udongo wa jiko, kisha sufuria ya presha baada ya mavuno ya mpunga, gesi mwisho. Na siku ya kuchukua gesi, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, ongeza 6, halafu uupandishe kwenye mizani palepale dukani kabla hujatoa hela.