Je, Wajua? Programu Inayolinda Hataza na Alama za Biashara kwa Kuhesabu Siku

Je, wajua kwamba hesabu ya siku mbili iliwahi kuifikisha kampuni ya dawa mahakamani, kisha Bunge la Marekani likabadilisha sheria? Dawa yenyewe ni Angiomax, inayozuia damu kuganda, ya kampuni iitwayo The Medicines Company. Ilipata kibali cha kuuzwa Ijumaa tarehe 15 Desemba 2000, jioni, saa za kazi zikiwa zimekwisha. Sheria ya huko humpa mwenye hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, siku 60 tangu kibali kitoke ili aombe kuongezewa muda wa ulinzi, kufidia miaka iliyoliwa na majaribio ya dawa. Maombi yakapelekwa tarehe 14 Februari 2001. Hesabu mwenyewe: siku ya kibali ikiwa ndiyo ya kwanza, siku ya 60 ilikuwa 12 Februari. Ofisi ya Hataza ikayakataa.

Mwaka 2010 mahakama moja ya shirikisho huko Virginia ilisema barua ya kibali iliyotumwa baada ya saa za kazi ihesabiwe kuwa ya siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu 18 Desemba. Kwa hesabu hiyo siku 60 ziliishia 15 Februari, na maombi yalikuwa yamewahi. Mwaka uliofuata kanuni hiyo iliandikwa kwenye sheria, hadi saa ikatajwa: kibali kikitumwa baada ya saa 10:30 jioni, huhesabiwa kuwa cha siku ya kazi inayofuata. Thamani ya dawa nzima ilikuwa imening'inia kwenye swali la lini mtu aanze kuhesabu.

Programu za kusimamia miliki bunifu zimetengenezwa kwa ajili ya swali hilo hilo. Ni chombo ambacho mtu wa kawaida hawezi kukiona popote, ingawa nyuma ya karibu kila simu, dawa na soda yenye jina kubwa kuna programu kama hiyo inayohesabu siku usiku na mchana. Kabla yake makarani wa ofisi za mawakili walitumia madaftari na kadi zilizopangwa kwa tarehe. Kompyuta iliingia mapema katika kazi hii kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1969, kisiwani Jersey, ilianzishwa kampuni iitwayo Computer Patent Annuities, iliyoshughulikia malipo ya ada za kuhuisha hataza. Baadaye ilijulikana kama CPA Global, na mwaka 2020 ilinunuliwa na kampuni ya Clarivate.

Ukiifungua programu ya aina hii utakuta mambo mawili. La kwanza ni ghala la kumbukumbu: namba ya maombi, nchi, mmiliki, madaraja ya bidhaa, barua zilizoingia na zilizotoka. Hilo hata jedwali la Excel linaliweza. La pili ndilo roho ya chombo: mkusanyiko wa kanuni za kila nchi, unaogeuza tukio moja kuwa mlolongo wa tarehe. Karani anaingiza kwamba maombi ya hataza yamepokelewa Nairobi siku fulani. Papo hapo programu inapiga hesabu. Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 mvumbuzi ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama akiwa na haki ya kipaumbele. Ingekuwa alama ya biashara, angekuwa na miezi 6 tu. Akipita njia ya mkataba wa kimataifa wa hataza, PCT, nchi nyingi zinampa miezi 30 tangu tarehe ile ya kwanza, lakini ARIPO, ofisi ya kikanda ya miliki bunifu iliyoko Harare, na ile ya Ulaya zinampa 31. Hataza ikishatolewa Marekani, ada za kuidumisha hulipwa miaka 3 na nusu, 7 na nusu na 11 na nusu baada ya kutolewa. Ulaya ada huanza mwaka wa tatu tangu maombi na hulipwa kila mwaka. Uvumbuzi mmoja uliosambazwa katika nchi 20, ukilindwa kwa miaka 20, huzaa tarehe mamia kadhaa, na hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuzibeba salama.

Nadhani kosa kubwa wanalofanya wanunuzi wengi ni kuvutiwa na ghala wakasahau roho. Muuzaji huonyesha michoro ya rangi na ramani ya dunia inayowaka taa, na watu husaini. Mimi ningeanza na Afrika Mashariki, kwa sababu hapa ndipo programu iliyotengenezwa mbali huumbuka.

Chukua alama moja ya biashara iliyoombwa tarehe 1 Machi 2020 katika nchi tatu. Kenya inaisajili kwa miaka 10, hivyo itahuishwa 2030. Tanzania Bara, chini ya sheria ya mwaka 1986, usajili wa kwanza ni wa miaka 7, na baada ya hapo kila kuhuisha ni miaka 10. Kwa hiyo tarehe yake ni 2027, halafu 2037. Uganda nayo, kwa sheria ya 2010, inaanza na 7 kisha 10. Chanzo cha saba hiyo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1938, iliyotoa miaka 7 kwanza na 14 kila ilipohuishwa, na makoloni yakairithi. Programu iliyojazwa "miaka 10 kila mahali" itamwambia mwenye alama alale salama hadi 2030, ilhali Dar es Salaam na Kampala muda wake utakuwa umekwisha miaka mitatu kabla.

Halafu kuna Zanzibar. Alama iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa Bara, BRELA, Dar es Salaam, hailindwi Unguja wala Pemba. Huko inasajiliwa peke yake, kwa wakala wa huko, BPRA, kwa sheria ya Zanzibar yenyewe. Ningemwomba muuzaji yeyote afungue orodha yake ya nchi mbele yangu. Nikikuta "Tanzania" imeandikwa mara moja tu, bila Bara na Zanzibar kutenganishwa, ningejua kwamba aliyeandika kanuni zile hajawahi kufanya kazi huku.

Jambo la tatu ni sikukuu. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo ofisi imefungwa, kwa kawaida husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Saba Saba na Nane Nane zina tarehe zake, zinaweza kuingizwa mara moja zikabaki. Lakini Idd el-Fitri inategemea kuandama kwa mwezi, na hakuna mtengenezaji wa programu anayeweza kuiandika mwaka mmoja kabla kwa uhakika. Kwa hiyo programu nzuri humruhusu msimamizi wa ofisi kuongeza sikukuu mwenyewe, tena haisogezi tarehe kimyakimya: inaonyesha tarehe halisi ya kisheria na ile iliyosogezwa, na wakili anaamua. Ofisi makini hufanyia kazi ile ya mapema.

Hata mwezi wenyewe una mitego. Miezi 6 tangu 31 Agosti 2023 iliishia 29 Februari 2024, kwa kuwa Februari haina tarehe 31. Programu duni iliyohesabu siku 180 ingetoa 27 Februari. Kuwahi siku mbili hakudhuru, lakini kunakuonyesha kwamba chombo hakijui sheria, kinakisia.

Usalama wa taarifa nao si wa kupuuzwa. Uvumbuzi ambao bado haujaombewa hataza ukivuja hadharani, unaweza kupoteza sifa ya upya, na bila upya hakuna hataza. Kwa hiyo uliza kumbukumbu zitahifadhiwa kwenye seva za nchi gani, nani kwa muuzaji anaweza kuzisoma, na kama mpangilio huo unaafikiana na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022.

Kampuni yenye alama tano katika nchi moja haihitaji kununua programu kubwa. Jedwali lililokaguliwa na watu wawili na kalenda yenye vikumbusho vinatosha, na asiyekubali hilo anauza. Ofisi ya mawakili yenye wateja wengi ni habari nyingine. Hiyo inahitaji programu inayomlazimu mtu wa pili kuthibitisha kila tarehe iliyoingizwa, inayotunza rekodi ya nani alibadilisha nini na lini, na inayopeleka tahadhari kwa mwenzake au mkuu wake wakili anapokuwa likizo au mgonjwa. Tahadhari inayokwenda kwa mtu mmoja tu ni hatari iliyovaa sura ya usalama. Uliza pia nani anafuatilia mabadiliko ya sheria za nchi, ni mwanasheria au ni mwandika programu, na baada ya sheria kubadilika huchukua muda gani kanuni kurekebishwa.

Kabla ya kusaini, chagua majalada yako 20 yenye historia ngumu, ambayo tarehe zake unazijua kwa hakika: moja la Zanzibar, moja la Uganda, moja la ARIPO, moja lililokwisha kuhuishwa. Mpe muuzaji matukio bila majibu, aingize mbele yako. Kisha mwombe atoe kumbukumbu zote nje ya programu, pamoja na barua, katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Tarehe moja ikitoka vibaya bila maelezo, au kumbukumbu zikigoma kutoka, usinunue.