Chuma cha damu yako kilitoka nyotani, si kwa mganga

Kimondo kikikata anga ya West Nile, Uganda, usiku, kuanzia Onduparaka hadi Koboko watu huulizana: nani amekufa? Jiwe lake likiokotwa, linatibu nini? Na wale waganga wanaotangaza kusafisha nyota za watu, wanasafisha nini hasa?

Tuanze na jiwe, maana Uganda ina ushahidi wake. Tarehe 14 Agosti 1992, mnamo saa tisa na dakika 40 alasiri, mawe yalinyesha Mbale. Yalitoboa mapaa, na kipande cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi. Jumla ya mawe yaliyookotwa ni kilo 150 hivi. Mengine yalisagwa yakawa dawa, kwa kuwa uvumi ulienea kwamba Mungu ameyashusha yatibu ukimwi. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya ukimwi, yaani ARV, zilikuwa hazijawafikia wananchi, kwa hiyo mgonjwa aliyelamba unga ule simlaumu. Wa kulaumiwa ni anayemuuzia mtu jiwe leo, wakati ARV zinatolewa bure.

Tena mawe yale hayakuwa nyota. Nyota hazianguki, wala hakuna inayozimika kwa sababu ya msiba wa mtu. Yalikuwa vipande vya mwamba kutoka kati ya Mirihi na Mshtarii, wenye umri wa miaka bilioni 4.5 na ushei, sawa na jua. Ndani yake mna chuma zaidi ya asilimia 20, na asili ya chuma hicho ndiyo habari yenyewe.

Ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, haukuwa na chuma hata chembe. Dakika 20 za kwanza zilitoa hidrojeni, heli na lithi kidogo, basi. Kilichobaki kilihitaji nyota. Nyota yenye uzito unaozidi mara nane ule wa jua ikimaliza hidrojeni ya katikati, hujikaza, hupata joto kali zaidi na kugeuza heli kuwa kaboni. Kisha hufuata zamu ya kaboni, neoni, oksijeni na silikoni. Kila zamu ni fupi kuliko iliyotangulia: hidrojeni hudumu mamilioni ya miaka, silikoni siku chache tu. Hapo mambo hukwama, kwani kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati, bali huila. Kitovu cha nyota hukosa cha kukitegemeza, hujiporomokea kwa muda usiotimia sekunde moja, na nyota hulipuka. Nikeli iliyotokea humo hugeuka kobalti, na kobalti, miezi ikipita, hugeuka chuma. Mabaki ya nyota ndogo nayo yakilipuka huongeza chuma kingi. Kutoka kwenye mawingu yaliyobeba vumbi hilo lilizaliwa jua, ikaja dunia, ikaja ardhi ya Arua, na zikaja zile gramu tatu hadi nne za chuma zilizomo mwilini mwa mtu mzima, nyingi zikiwa kwenye himoglobini.

Jua letu ni dogo, halitalipuka, na bado lina takriban miaka bilioni tano. Tarehe 3 Novemba 2013, Pakwach ilipoingia giza kwa sekunde chache jioni, mwezi ulikuwa umepita mbele ya jua tu. Na nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua, mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kutufikia. Mganga mwenye beseni na chumvi ataifuata kwa basi gani?

Uchovu, kizunguzungu na viganja vilivyopauka si nyota chafu. Huenda ni upungufu wa damu, unaoletwa na malaria, minyoo, siko seli au lishe duni. Nenda ukapimwe hospitali ya rufaa ya Arua, hospitali ya Koboko au kituo cha afya kilicho karibu. Kula mboga ya osubi, maharage na dagaa, kamulia ndimu, na chai isubiri. Usijimezee vidonge vya chuma, hasa ukiwa na siko seli na umeongezewa damu mara nyingi, kwani mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Chuma cha kwenye jiwe, kwa upande wake, kimefungwa ndani ya madini na kuchanganyika na nikeli. Hakiongezi damu.

Anayekuuzia dawa ya damu bila kuipima damu yako ni mwizi. Mpite, nenda maabara.