Rutshuru: Uzio wa nyumba ukigusa mpaka wa Virunga, nani anaweza kutoa ruhusa?

Kusimamisha uzio kuzunguka nyumba ni jambo la kawaida huko Rutshuru. Miti inachimbiwa, miyenzi inapandwa, na mbuzi wa jirani haingii tena. Lakini kwa mkaaji ambaye parseli yake inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, hatua chache kupita mpaka zinaweza kumpotezea uzio na nyumba yenyewe.

Mpaka huo si wa leo. Wabelgiji waliunda hifadhi tarehe 21 Aprili 1925, na amri ya Novemba 1935 ndiyo msingi wa mipaka yake hadi sasa. Tangu hapo watu wameongezeka, na vita vimewahamisha wengi mara nyingi. Ndiyo maana wakaaji na walinzi wa ICCN, shirika la Serikali linalosimamia hifadhi, hubishana kuhusu mahali mpaka unapopita.

Anayetaka kuachiwa uzio wake hukimbilia kwanza kwa chefu. Katika usultani wa Bwisha na wa Bwito, neno la chefu lina uzito, maana yeye ndiye anayejua nani alipewa shamba na nani alirithi. Lakini sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na sheria ya 2014 kuhusu ulinzi wa mazingira inakataza ndani ya hifadhi shughuli zisizopatana na ulinzi huo. Barua ya chefu, hata ikiwa na muhuri, haiwezi kukata kipande cha Virunga. Kubadilisha mpaka ni kazi ya Kinshasa, na UNESCO nayo inaangalia, kwani Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979.

Hata hivyo, ruhusa ya pekee si jambo geni. Vitshumbi na Nyakakoma, kando ya Ziwa Edouard, ni vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya hifadhi na vinatambuliwa. Ila ruhusa hiyo ni ya kuvua samaki. Kulima kunakatazwa, na kijiji hakipanuki kila mtu anavyotaka.

Kuna pia uzio mwingine, ule wa umeme ambao hifadhi imeuweka sehemu fulani za mpaka ili tembo wasiingie mashambani. Kwa mkulima aliyezoea kulala shambani akilinda mahindi, ni msaada. Kwa yule anayesema mpaka umekula shamba la babu yake, ni kama hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Vita vimeongeza ugumu. Tangu M23 walipoingia Rutshuru na Kiwanja mwezi wa Oktoba 2022, karatasi inayotolewa na viongozi wa leo inaweza kukataliwa na wa kesho.

Kinga iliyobaki ni kupima mapema. Kabla ya nguzo ya kwanza, majirani, chefu, mpima ardhi na mjumbe wa ICCN wanaweza kutembea pamoja kwenye mpaka, wakaandika walichokubaliana na kila mmoja akabaki na nakala. Uzio unaweza kurudishwa nyuma mita tano kwa siku moja. Nyumba haisogei.