Kumlea Kinda la Kasuku Katika Makao Mapya

Wenzangu kadhaa wa bwenini wameniuliza jinsi tulivyomlea yule kasuku mdogo wa nyumbani kwetu tangu alipokuwa kinda hata akaweza kuruka. Kwa kuwa swali lao ni moja, nami jibu langu ni refu, nimeona afadhali niliandike hapa ili kila atakaye alisome.

Kwanza sharti nieleze kuwa huyu si yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeishi katika misitu ya Kongo na ya kwetu Uganda. Huyo amewindwa mno, hata mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaotegwa porini. Wetu ni bajerigari, kasuku mdogo ambaye asili yake ni nyika kavu za Australia. Mnamo mwaka 1840 mtaalamu wa ndege, John Gould, aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na tangu hapo wamezalishwa vizimbani mpaka wameenea duniani kote. Hata akiwa mkubwa, uzito wake ni gramu 30 hadi 40 tu.

Jike hutaga mayai manne hadi sita, naye huyaatamia kwa muda wa siku 18 hivi. Makinda hawaanguliwi siku moja. Kwa kawaida hupishana kwa siku moja au mbili, na kwa hiyo kitinda mimba huwa mdogo sana kuliko kaka zake. Hutoka yaini uchi, wamefumba macho, wala hawawezi kujipasha joto. Mama yao ndiye blanketi lao. Jambo hili ndilo kiini cha makala yangu, maana watu wengi wakipewa kinda hufikiri habari ya chakula tu.

Mjomba wangu alikuwa na jozi moja ya ndege hawa huko Kampala. Jike alikufa akaacha makinda wawili, na dume peke yake hakuweza kuwashibisha. Mmoja akafa. Aliyebaki alikuwa na umri wa majuma matatu, manyoya yake bado nusu nusu, na mjomba hushinda kazini kutwa. Basi ikaamuliwa kuwa aje kwetu Kabale.

Kabale, kwa asiyeijua, ni mji ulio milimani, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Kinda wa umri ule huhitaji nyuzi 29 au 30. Safari ya basi ni ya kilomita zipatazo 400. Tulimweka katika boksi dogo lenye matundu, tukatandika kitambaa, na kando yake tukaweka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Tuliiweka upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi aliuliza kama tumebeba kifaranga cha kuku, na alipoambiwa ni kasuku alicheka mpaka Masaka. Mbarara tulimlisha, akala vizuri.

Tulipofika nyumbani jioni alikuwa amejikunyata, wala hakutaka kufungua mdomo. Dada yangu alitaka alishwe kwa nguvu, akiogopa kuwa atakufa kwa njaa. Lakini mjomba alikuwa ametuonya tutazame gole kwanza, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo ambamo ndege huweka chakula kabla hakijashuka tumboni. Gole lilikuwa bado limejaa chakula cha Mbarara. Kinda akipatwa na baridi, gole husimama kufanya kazi. Chakula kilichomo huchacha, na ukiongeza kingine juu yake unamuua. Kwa hiyo hatukumpa kitu. Tulibadilisha maji ya chupa, tukafunika boksi kwa blanketi bila kuziba matundu, tukatia kipimajoto ndani, tukangoja. Jiko la makaa hatukuliingiza chumbani, kwa maana hewa yake ni sumu hata kwa mtu, na mapafu ya ndege ni dhaifu zaidi. Ilipokaribia saa nne za usiku gole lilikuwa limenywea, naye akaanza kulia na kutikisa kichwa akiomba chakula. Hakuna aliyelala mapema usiku ule.

Chakula chenyewe ni unga maalum wa makinda ya kasuku, unaokorogwa kwa maji yaliyochemshwa mpaka uwe kama uji mwepesi. Maziwa ya ng'ombe hayafai, kwa sababu ndege hawezi kusaga sukari iliyomo. Uji uwe na joto la nyuzi 39 hadi 41, na upimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole; ukizidi hapo huweza kuunguza gole, na ukipoa kinda huukataa. Sisi tulitumia kijiko cha chai kilichokunjwa kingo kama mfereji. Ni kazi ya polepole, lakini kinda hunywa mwenyewe kwa kiasi chake, nawe hummiminii uji kwenye tundu la pumzi, ambalo liko nyuma tu ya ulimi. Asiyeomba halishwi. Tulimlisha kila baada ya saa nne au tano mchana, na usiku tuliacha gole liishe kabisa. Mabaki ya uji hutupwa, hayapashwi moto tena. Mikono huoshwa kabla na baada, kwani kasuku wana ugonjwa mmoja wa mapafu unaoweza kumwambukiza mtu.

Katika juma la tano tulianza kumwagia uwele uliolowekwa, naye akawa anauchezea zaidi kuliko kuula. Uji tulimpunguzia kidogo kidogo mpaka juma la saba alipojitegemea. Matunda na mboga alipewa, ila parachichi marufuku, kwa kuwa kwake ni sumu.

Mistari myeusi iliyofika mpaka juu ya mdomo wake ilitoweka usoni alipopata miezi minne, baada ya kunyonyoka manyoya ya utoto. Nayo ile nyama laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua, iligeuka buluu, ndipo tukajua kuwa ni dume.