Mafuta Yakimwagika, Wenye Mashua Waitwe Mapema

Huku Funyula, watu wa Sio Port hulitegemea Ziwa Victoria kwa omena, kwa mbuta na kwa maji. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika mwaka 2018, na meli huchukua mafuta huko kuyapeleka Uganda. Yafaa basi kuuliza: yakimwagika, nani atayazuia?

Na tutazame kisiwa cha Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja, yapata tani 1,000. Wavuvi na wenyeji hawakungoja. Walishona magunia marefu, wakayajaza majani makavu ya miwa, wakayafunga chupa tupu yapate kuelea, wakayakokota kwa mashua ili kuyazuia mafuta. Wengi walinung'unika kwamba siku 12 zilipita bure.

Mwenye mashua anajua upepo na mkondo wa maji yake, na hasara humfikia yeye kwanza. Kwa hiyo ni haki afundishwe mapema, apewe glavu na vifaa, maana mafuta hudhuru ngozi na mapafu, tena alipwe ujira wake. Wavuvi wa kila ufuo walitake jambo hili sasa. Tahadhari kabla ya hatari.