Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo: Mashine ya Kufulia katika Nyumba Ndogo ya Nairobi

Msimu wa baridi wa Nairobi, unaoanza mwezi wa Juni na kuondoka mwishoni mwa Agosti, huifunika sehemu ya magharibi ya mji, kuanzia Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi na Dagoretti, kwa wingu zito ambalo huweza kukaa siku kadhaa bila kupasuka, na nguo zilizoanikwa asubuhi zikaanuliwa jioni zingali mbichi, kisha zikalala ndani ya nyumba na kuingia uvundo. Katika majira hayo ndipo wapangaji wengi wa nyumba za chumba kimoja au viwili huingiwa na shauku ya kununua mashine moja ifanyayo kazi mbili, ya kufua na ya kukausha, maadamu hawana nafasi ya kuweka mashine mbili wala uwanja wa kufungia kamba. Shauku hiyo ni halali kabisa. Lakini aghalabu mashine hununuliwa kwanza, pengine katika maduka ya Luthuli Avenue, ikapandishwa ngazi kwa mabega ya vijana wawili, na nyumba ikaulizwa baadaye kama ina mahali pa kuipokea. Na hapo ndipo fedha hupotea.

Mwenye kukumbuka Kilimani na Kileleshwa za miaka iliyopita anazikumbuka nyumba za chini zilizokaa peke yake katikati ya bustani, kila moja na ua wake wa nyuma, na katika ua huo karo la saruji la kufulia, mfereji wake, na kamba iliyotoka mti hadi mti. Nyumba hizo nyingi zimebomolewa na mahali pake yamesimama maghorofa, na katika kugawa ule uwanja mmoja kwa jamaa hamsini au mia, wajenzi walikumbuka lifti na maegesho ya magari, wakasahau kwamba binadamu hufua. Mama fua ajaye siku ya Jumamosi hulazimika kuinama ndani ya bafu juu ya beseni, na mashine, ikinunuliwa, huwekwa jikoni kando ya sinki au kwenye roshani finyu, huku mipira yake ikivushwa sakafuni mahali pa watu kupita.

Na tuanze na maji ya kuingia. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali, katika mabwawa ya milima ya Aberdare, na lililo kubwa kati ya hayo ni Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, liwezalo kubeba mita za ujazo milioni 70. Lakini mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na watu 4,397,073 umekwisha kuyapita mabwawa yake, na ndiyo sababu kampuni ya maji ya jiji hutoa ratiba ya mgao, mtaa huu siku hizi na mtaa ule siku zile. Kwa hivyo mashine ya Nairobi mara nyingi hainywi maji ya bomba la barabarani, bali hunywa ya tangi lililo juu ya paa, na maji ya tangi hayana nguvu nyingine isipokuwa ile ya kuteremka. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita kumi za kuteremka hutoa msukumo wa takriban bar moja, na mashine nyingi huhitaji walau nusu ya bar ili vali zake zifanye kazi ipasavyo. Basi mpangaji wa ghorofa ya mwisho, ambaye tangi liko mita tatu tu juu ya mashine yake, anapata msukumo wa bar 0.3, ilhali jirani yake aliye ghorofa sita chini yake anapata zaidi ya bar mbili kutoka tangi lile lile. Wote wawili wakinunua mashine ya aina moja, wa chini atafua, na wa juu ataiona mashine ikinguruma kidogo, ikangoja, kisha ikawasha taa ya kulalamika kwamba haina maji, naye atamlaumu muuza duka kwa kosa lisilo lake.

Dawa ya udhaifu huo ni pampu ndogo ijiwashayo yenyewe mfereji unapofunguliwa, na sharti ivute maji kutoka tangini. Wako watu ambao huifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la kampuni; kufanya hivyo ni kumnyang'anya jirani fungu lake la mgao, na tena, bomba likiwa tupu, pampu huweza kuvuta uchafu wa ardhini kupitia kila ufa ulio njiani.

Mgao una madhara mengine ambayo wengi hawayatambui mpaka siku fundi afike. Maji yarudipo baada ya siku mbili tatu za ukavu, hurudi kwa kishindo, yakisukuma hewa mbele yake na kukokota mchanga na kutu vilivyolala ndani ya mabomba. Fundi mwenye maarifa, akiitwa kwa mashine ambayo imeanza kujaza polepole, haifungui mashine. Huifunga koki, huufungua mpira wa nyuma, kisha kwa koleo ndogo huchomoa kichujio cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, kilichogandamana na tope jekundu kiasi kwamba vitundu vyake havionekani. Hukisugua kwa mswaki mkuukuu, hukirudisha, na mashine hupona. Kila mwenye mashine angeweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na vyema zaidi, siku maji yarudipo, aufungue kwanza mfereji wa sinki mpaka maji yatakate, ndipo aifungulie mashine.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotamani kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa fedha zake, nalo ni kwamba mashine nyingi za namna hii hukausha nguo kwa kutumia maji. Huonekana kama ni kinyume cha akili, lakini ni kweli. Hewa iliyopashwa moto hupita katikati ya nguo na kubeba unyevu. Unyevu huo hauna bomba la kuutoa nje ya nyumba, kwa hiyo hewa hupelekwa katika chumba kidogo ambamo maji baridi hutiririka, na hapo mvuke hupoa, hugeuka maji, na kutolewa pamoja na maji yaliyoupoza. Kufua na kukausha kwa mfululizo kwaweza kumaliza lita 100 na zaidi. Mpangaji aliye na tangi la lita 500 kwa wiki nzima ya mgao ana haki ya kuambiwa hayo mapema. Vilevile aambiwe kwamba mfereji ukikauka katikati ya kazi, nguo zitazunguka kwenye joto na zitatoka zikiwa majimaji. Ziko mashine nyingine zisizotumia maji katika kukausha, na ingawa bei yake ni ya juu, kwa mji wa mgao nazihesabu kuwa bora. Kumbuka pia kwamba mashine iandikwayo kilo nane za kufua haikaushi nane kwa mkupuo, bali tano tu au hivi, na ziada hubaki mbichi.

Maji ya kutoka ndiyo yaliyodharauliwa kuliko yote. Mpira wa kutolea maji una kimo chake, ambacho kwa mashine nyingi ni kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na kimo hicho hakikuwekwa bure. Mpira ukilazwa chini katika tundu la bafu, maji huteremka yenyewe nje kadiri yanavyoingia, mashine ikawa inajaza bila kujaa, na tangi la nyumba likakauka usiku mmoja. Ukitiwa ndani ya bomba na kuzibwa pande zote kwa gundi ili usinuke, maji machafu huweza kufyonzwa kurudi mashineni. Njia iliyo sawa ni bomba la wima, pana kuliko mpira, ili hewa ipite kando yake, na chini ya bomba hilo kiwiko kinachobaki na maji daima, ambayo huizuia harufu ya maji taka isipande. Wala bomba hilo lisielekezwe kwenye mfereji wa mvua, maana mifereji ya mvua ya Kilimani na Kileleshwa huishia katika vijito vya Kirichwa na Mto Nairobi, na povu la sabuni zetu huwafikia watu wanaoishi kandokando ya maji hayo.

Kuhusu umeme, sitakuwa na maneno mengi: wakati wa kupasha joto mashine hula takriban wati 2,000, na birika la umeme nalo hula kiasi hicho; kwa hiyo vyote viwili vikichomekwa katika ekstensheni moja, huvuta ampea 16 hivi au 17 mahali palipowekewa fyuzi ya 13. Mashine ipewe soketi yake ukutani, mbali na mirusho ya maji.

Nawaomba basi wenye kujenga katika mitaa hii, na wachoraji wao wa ramani, waweke katika kila nyumba, hata iwe ndogo namna gani, mfereji mmoja wenye koki, bomba moja la wima la maji machafu, na soketi moja, vyote pamoja katika pembe isiyozidi mita moja ya mraba. Kuviweka hivyo ukuta ukiwa bado haujapigwa lipu ni kazi ndogo kwa fundi aliyekwisha kuwapo. Kuviweka baadaye ni kuvunja vigae na kumwomba mwenye nyumba ruhusa ambayo pengine hataitoa. Na wewe unayetafuta nyumba ya kupanga, kabla hujaweka amana, muulize keyateka tangi liko mita ngapi juu ya mlango wako, na umwombe akuonyeshe mahali ambapo maji ya kufulia hutokea.